Kifuniko cha Bido

Madame Arlette amefundisha darasa la kwanza huko Rwambuzi kwa miaka kumi na tisa, na wanaomfahamu husema hapandishi sauti kamwe. Mwaka huu ana watoto themanini na wanne, wengi wao wamekimbia vita kutoka Djugu. Mmoja wao, Chance, msichana wa miaka saba, hakuwa ametamka neno tangu shangazi yake alipomleta mwezi wa tisa. Mkurugenzi wa shule alikuwa amesema kwamba asipoongea hadi Pasaka, nafasi yake atapewa mwingine.

Wiki moja kabla ya Pasaka, Arlette alileta beseni la maji. Watoto walikisia, kisha wakatumbukiza: jiwe likazama, gunzi la mahindi likaelea, msumari ukazama. Kila aliyekisia sawasawa alipigiwa ban, yale makofi matatu ya pamoja ambayo darasa zima huyapiga bila kuagizwa.

Mwishoni akatoa bido mbili ndogo, vidumu vitupu vya mafuta ya kupikia, moja ina kifuniko, nyingine haina. Akamtazama Chance, kama alivyomtazama kila siku, bila kutegemea kitu.

"Huyu iko bubu, Madame," Fiacre alisema kutoka nyuma. "Uliza tu mlango, utakujibu mbele yeye ajibu."

Darasa likacheka. Chance akasimama.

"Zote mbili zitaelea," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko Arlette alivyoiwazia. "Kisha ile haina kifuniko itajaa mayi, itazama."

Arlette alizitia bido majini kwa furaha. Angeishia hapo. Lakini alizoea kudai sababu ya kila jibu, akauliza: "Umejua namna gani?"

"Kwenye muto, wakati tunavuka, mama alinipa ya kifuniko. Yeye alishika ile ingine."

Ndani ya beseni, bido isiyo na kifuniko iliinama, ikatoa mapovu, ikatulia chini. Jibu lilikuwa sahihi. Kabla Arlette hajainua mkono kuwazuia, watoto themanini na watatu walipiga ban.

Alimwandikia mkurugenzi kwamba mtoto anaongea, na nafasi yake ikabaki. Chance hajatamka neno tena, wala Arlette hajamuuliza swali. Siku hizi, katika darasa hilo, anayejibu vizuri huambiwa tu akae.