Nyuki Waliozibiwa Mlango

Fundi cherehani yule alikuwa na mdomo mkali kuliko sindano zake, ila mbele ya nyuki wa marehemu mumewe alikuwa mpole kama mgeni ukweni. Marehemu aliacha vitu viwili: koti, ambalo panya walimwahi mjane kulirithi, na mzinga mmoja kwenye roshani ya mbao juu ya chumba cha kushonea. Mzinga ulivuma kutwa, na mama wa watu akiusikia kupitia dari aliuitikia kama mume: "Haya, nimesikia."

Mwaka ule joto lilikuja na nongwa. Asubuhi moja alipanda kuanika shuka, akakuta nyuki wametoka, wananing'inia mlangoni mwa mzinga kama ndevu za mzee. Moyo ukamlipuka paa! Mumewe aliwahi kumwambia: nyuki wakikusanyika nje, wanataka kuhama.

"Na nyinyi mnaniacha? Thubutuni!"

Akawafukizia moshi mpaka wote wakaingia, akachana shuka, akaziba tundu la mzinga kwa kipande. Akashuka kushona, roho kwatu.

Mchana akaja wifi yake, dada wa marehemu, na utani wake mlangoni. "Wifi, dari lako linatoka jasho tamu!"

Asali ilikuwa ikidondokea vitambaa vya wateja. Fundi hakuitazama. Alikuwa anasikiliza. Juu, kimya.

Walipofungua mzinga, masega yalikuwa yameyeyuka na kuporomoka juu ya nyuki. Wifi mtu akaacha utani.

"Hawakuwa wanahama, wifi yangu. Joto likizidi, wengine hutoka wawaachie wenzao hewa, wengine huleta maji, wengine husimama mlangoni wanapepea ili watoto wasiive. Kaka hakukwambia?"

"Aliniambia nusu. Nusu nyingine kaenda nayo."

Nyuma ya kitambaa kilichoziba tundu palilala maiti wengi kuliko kwingine kote. Walikuwa wamekipa kitambaa migongo, mabawa yametanuka. Walikufa wanapepea.

Waliosalia, hawakuzidi konzi, walijivuta hadi ukingoni, wakatulia kidogo, wakaruka. Safari hii walikuwa wanahama kweli. Fundi alikuwa bado na kitambaa mkononi; alikikunja, akakikunja tena, akawatazama mpaka wakapotea nyuma ya mapaa.

Jioni cherehani ikalia tena. Katikati ya pindo akainua uso darini.

"Haya, nimesikia," akasema, kwa mazoea. Mguu ukasimama kwenye pedali.