Chasisi ambayo Blandina hakutaka mtu aiguse

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Blandina Ndunguru anafungua gereji yake huko Thamesmead, kusini mashariki mwa London, na kabla ya kuingia anachunguza sakafu kama kuna alama za viatu visivyo vyake. Hakuna. Ndipo anavua koti.

Katikati ya gereji imelazwa chasisi, fremu ya chuma ya kubeba gari, aliyoiunda kwa mikono yake. Ukutani limeegemezwa bodi la gari dogo la Kiingereza la miaka ya hamsini, halina milango wala sakafu. Vikiungana vitakuwa "hot rod" yake ya kwanza: gari kuukuu lililovuliwa mapambo, likashushwa chini na kufungwa injini yenye nguvu.

"Watu wananiuliza kwa nini nisinunue chasisi iliyo tayari," anasema. "Nani kaichomelea? Simjui. Siku hiyo alikuwa amelewa? Sijui."

Blandina, mwenye umri wa miaka 46, mzaliwa wa Mbinga, huchomelea mageti na reli za ngazi katika karakana moja ya Woolwich. Chuma cha chasisi kimemlia malipo ya saa za ziada za mwaka mzima.

Shaka yake ina chanzo. Miaka sita iliyopita alinunua gari lake la kwanza nchini Uingereza, linang'aa kama jipya. Siku moja ya mvua, akimpeleka binti yake Nancy shule, liliingia kwenye shimo na sakafu ikafunguka. Kumbe yalikuwa magari mawili yaliyokatwa na kuungwa kuwa moja.

"Niliona lami chini ya miguu ya mwanangu," anasema. "Na mimi ndiye fundi wa kuchomelea! Nilitazama rangi, sikuinama kutazama chini."

Hawakuumia. Lakini tangu hapo haamini kazi ya mkono wa mtu.

Ndiyo maana hakumpenda Avtar, jirani wa gereji ya pili, fundi mstaafu wa mabehewa aliyezaliwa Kisumu. Mzee huyo alikwisha kuuliza mara mbili kama lile bodi linauzwa. Mwezi Machi alisimama mlangoni, akakitazama kiungo cha mbele cha chasisi.

"Mama, hii imekaa juu tu," alisema. "Haijayeyuka ikaingia ndani ya chuma. Barabara ikiipiga, itaachia."

"Asante, mzee," Blandina akajibu, akafunga mlango. Wiki hiyo hiyo akabadilisha kufuli.

"Nilijua anataka nikate tamaa, anunue bodi kwa bei ya chuma chakavu."

Hata hivyo, maneno yale yalimkosesha raha. Akaamua kumuumbua. Alichukua vipande viwili vya chuma kile kile, akavichomelea kwa moto ule ule aliotumia kwenye chasisi, akavibana kwenye jiliwa, kibanio cha chuma cha mezani. Kisha akamwita Avtar ashuhudie, akainua nyundo.

Pigo la kwanza, kiungo kilishika. La pili, kipande kiliruka kikagonga mlango. Kiungo kilikuwa kimeachia chote, na upande mmoja chuma kilibaki laini kama hakijaguswa na moto. Alikuwa ametumia moto mdogo wa mageti kwenye chuma kinene.

"Nilikwenda kukiokota kile kipande," anasema. "Nancy angekaa kiti cha mbele."

Avtar hakucheka. "Hata yangu ya kwanza ilivunjika, mama," alimwambia, akaenda kuchemsha chai.

Blandina alikata viungo vyote na kuanza upya. Siku hizi mzee humshikia ncha ya tepu wakipima. Akishaondoka, Blandina hupima tena peke yake.

"Kuhusu kiungo, namwamini," anasema. "Kuhusu bodi, bado namchunga."

Mwandishi alipomuuliza Avtar kama bado analitaka, mzee hakusita. "Nalitaka sana," alisema. "Lakini siwezi kudanganya juu ya chuma. Mtu atakufa."

Nancy, ambaye husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, anasema mama yake hukagua hata birika kabla ya kuliwasha.

Blandina anataka gari lipite ukaguzi wa serikali kiangazi kijacho, kisha aliendeshe hadi Margate, pwani. Nancy hatakuwemo safari ya kwanza. Kiti cha abiria kimeshapata mwenyewe.

"Atakaa mzee Avtar," anasema, akivuta miwani ya kazi usoni. "Amesema sasa viungo ni vizuri. Basi apande, twende wote."