Ndagala katika Ua wa Wifi

Vijana wanaotaka kuanza kujenga nyumba za kupangisha hapa Rumonge, mji wetu wa ukingoni mwa ziwa, huja kwangu kuuliza, kwa sababu vyumba vyangu ni vizuri kuliko vyote mtaani. Wanapapasa kuta, wanakanyaga vigae vya baraza, wanauliza rangi nilinunua wapi. Nawajibu vizuri. Ila wangefaidika zaidi wakivuka njia na kumuuliza wifi yangu, mke wa kaka yangu, na kwake siwaelekezi ng'o.

Tulijenga wakati mmoja, baada ya kurudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi huku na yeye ng'ambo ya njia. Mimi nilisakafia ua mzima kwa saruji, nikapiga marufuku kuanika ndagala, hao dagaa wa ziwani kwetu. Nyumba mpya inuke samaki? Wifi aliacha ua wake udongo mtupu, akatandaza nyavu kuukuu juu ya vichanja, akawaambia wapangaji waanike watakavyo. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Sasa niambie, wapangaji wa mji huu ni akina nani? Wengi ni akina mama waliovuka ziwa kutoka Kivu. Asubuhi wananunua ndagala mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki, wanazikausha, wanaziuza. Wa kwanza kuja kwangu alilipa garanti, ile pesa ya dhamana ya chumba, akaingiza kitanda, kisha akaja na kapu lake. Nikamzuia mlangoni.

"Mama, hizi ndagala ndiyo zitalipa nyumba yako," aliniambia. "Nikiziacha inje, miye nitakulipa na nini?"

Nikamrudishia garanti, nikajiona mtu mwenye msimamo. Jioni ileile kitanda chake kilivuka njia. Wengine hata hawakusimama kwangu, walipita moja kwa moja kwa wifi. Nikabaki na mwalimu mmoja ambaye akirudi kazini anafunga mlango na husikii hata akikohoa.

Wivu ulinikaba, sina jina jingine la kuupa. Wifi akicheka, najua ananicheka mimi. Akinunua sufuria, ni kodi za wapangaji wangu. Hata harufu ya zile ndagala niliionea wivu, mimi mwenyewe niliyeikataza.

Vyumba vitupu ningevivumilia. Kilichonichoma ni mama yangu mzazi. Tulipojenga nilisema wazi kwamba mama atakaa kwangu, nikampa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, sikumwacha anyanyue hata kikombe. Basi akaanza kuvuka njia kila mchana. Wifi alimpa kigoda, fimbo ndefu na kazi ya kufukuza kuku wasile ndagala. Nikichungulia namwona katikati ya wale akina mama wa Kivu, anawapigia kuku kelele, anasimulia mambo ya kambini ambayo mimi binti yake sijawahi kuyasikia.

Siku moja akaniomba nimhamishie godoro.

"Kwako iko safi, mwanangu," alisema. "Lakini kule niko na kazi."

Nililibeba mwenyewe kichwani, mtaa mzima ukitazama. Wifi akalipokea kwa mikono miwili, akanishukuru. "Murakoze, wifi. Karibu ukae kidogo." Sikukaa.

Kesho yake nilikwenda mwaloni nikanunua ndagala, nikazimwaga juu ya saruji yangu. Nikaweka kiti cha mama kando yake, nikakata fimbo nzuri kuliko ile ya wifi, nikailaza juu ya kiti. Mimi nikakaa chini kungojea. Jua lilikuwa kali, na saruji ilikuwa haikanyagiki. Mama akaniona kutoka ng'ambo. Akanyanyuka kwenye kigoda, akaja mpaka ukingoni mwa njia. Moyo ukanidunda kama wa msichana anayeposwa.

"Zigeuze!" akapaza sauti. "Zinaungua chini!"

Kisha akageuka, akarudi kwa wifi kufukuza kuku.