Mtoto Asiyesumbua

Sisi wa Bongwe, tumshukuru Mola, hatuna shida ya madaktari. Mtu akizaa tu, kila jirani ana digrii yake. Twaiba, jirani yangu muuza viazi karai, alipomzaa Sefu tulikwenda kumpa hongera, tukamkuta mtoto analala kutwa, halii, hata kunyonya mpaka aamshwe. Umanjano wa macho haukwisha, choo kwa nadra, ulimi umejaa kinywani. Tukasema mashallah, mtoto mtulivu huyu. Tulimvika Twaiba kilemba cha ukoka, naye akakataa kukivaa. Akambeba mwanawe hadi hospitali.

Huko damu ikapimwa, akaambiwa tezi ya shingoni mwa mtoto haifanyi kazi, nayo ndiyo inayokuza mwili na akili. Dawa ipo: kidonge kila asubuhi kabla ya kula chochote, maisha yake yote. Basi kila alfajiri Twaiba hukisaga kwenye kijiko, hukikoroga na maji kidogo, akamnywesha, kisha akavumilia kilio cha njaa mpaka saa ya uji. Sefu akatambaa, akatembea, akavunja vikombe, akajua kusema "sitaki" kwa wakubwa na wadogo. Nasi, kwa kuwa kunyamaza hatukufundishwa, tukasema dawa imemharibu mtoto.

Mwaka huu, Sefu hajatimiza miaka mitatu, Bi Biasha, mavyaa wake Twaiba, akaja kumchukua mjukuu akakae naye Msambweni kwa muda. Twaiba akamfungia vidonge, akamweleza taratibu na kwa adabu. Bi Biasha akaitikia, "Ndiyo, mwanangu, ndiyo." Alipofika kwake akamwona mjukuu anakimbiza kuku, akaamua kwamba amepona. Dawa za nini kwa mtoto mwenye afya yake? Daktari mwingine huyo, kahitimu jikoni.

Miezi miwili baadaye, siku ya kumrudisha, nilimsindikiza Twaiba hadi Msambweni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanao siku hizi hasumbui kabisa."

Sefu alikuwa mkekani, uso umevimba, ngozi kavu na ya baridi. Mamake akamwita. Alichukua muda kugeuka. Hasira zilinipanda, nikafungua mdomo nimpashe yule bibi, Twaiba akanishika mkono.

"Mama, dawa zako za presha bado unameza?"

"Kila siku. Nikiacha si nitakufa?"

"Sefu akiacha zake hafi, mama. Atabaki hivi hivi, hasumbui mtu, mpaka aote ndevu."

Bi Biasha akachukua kitumbua, akamnyooshea mjukuu wake. Sefu akakitazama, mkono hakuuinua. Akamsogezea karibu zaidi. Mtoto akafumba macho.

Twaiba alikuwa tayari anamfunga mgongoni kwa leso, safari ya hospitali. Bi Biasha akaingia ndani, akatoka na vidonge, vyote vizima.

"Wallahi, mwanangu," akasema, "mimi nilidhani ameshika adabu."