Mnara Kwenye Shamba la Severa

Severa ana miaka kumi na tisa Kariakoo, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia kwenye fremu ileile ya duka ya Mtaa wa Narung'ombe, akiuza taa za sola, tochi na betri. Wanamwita Mama Mangi, jina la utani la Wachaga wenye maduka, naye haoni vibaya. Ni mwanamke wa maneno machache. Akisema bei imefika mwisho, imefika, hata umwage machozi. Lakini mteja akitoka kijiji kisicho na umeme humkalisha kwenye stuli na kumuuliza kwanza: zahanati yenu ina friji?

Ana sababu ya kuuliza. Miaka sita iliyopita mumewe, Ansbert, aliumwa na nyoka kwenye shamba lao la tambarare, chini ya Kilimanjaro. Zahanati ya pale haikuwa na umeme wa kutunzia dawa, na gari lilipofika Moshi mjini alikuwa ameshakata roho. Ndugu zake, waliokuwa wamegombana naye kuhusu kihamba cha baba yao, yaani shamba la ukoo, wakafunga geti siku ya maziko. Mchaga kunyimwa kuzikwa kihambani si jambo dogo. Jeneza likageuzwa, likateremshwa tambarare, na Severa akamzika mumewe katikati ya shamba la mahindi walilonunua wenyewe, akasimika msalaba wa mbao. Shamba akamwachia mdogo wake, Polycarp, alime na kuliangalia. Kila Desemba akienda nyumbani hupitia pale kwanza, kabla hajaonana na mtu yeyote.

Mwaka jana Polycarp alimpigia simu akitoka kwenye mkutano wa kijiji, sauti imejaa furaha. Unakuja mradi wa umeme wa upepo! Minara yenye mapanga kama pangaboi itasimama tambarare, na kijiji kitapata umeme, pampu ya kisima, barabara inayopitika masika, na friji ya zahanati. Severa alilia palepale dukani. "Polycarp," akamwambia, "mradi huo asiuzuie mtu. Unanisikia? Hata mmoja."

Kuruthumu, jirani yake muuza vitenge, Mzaramo wa Kariakoo tangu enzi za babu yake, akamtania. "Shoga, umeme ukifika huko, hizo taa utamuuzia nani?"

"Nitauza friji," akajibu Severa, wakacheka.

Kicheko hicho hakikudumu. Tangu wapimaji waingie shambani, Polycarp akawa mgumu wa simu. Akipokea, mtandao unakata. Akiulizwa habari za mahindi, anajibu habari za mvua. Severa alisikia kwamba penye kaburi mnara hausimamishwi, hupelekwa kwingine, akamuuliza mdogo wake moja kwa moja kama wapimaji wameliona kaburi la Ansbert. "Usiwe na wasiwasi, dada, mambo yanaenda vizuri." Basi hapo ndipo wasiwasi ulipoanza.

Wiki iliyofuata mwanamke wa kijiji chao alikuja kununua taa, akasema mashimo ya minara yameanza kuchimbwa. Severa akauliza upande gani. Mwanamke akaangalia pembeni, akalipa bei aliyotajiwa na kuondoka bila kuomba apunguziwe. Kariakoo mtu haondoki hivyo. Severa alishinda siku ile anawarudishia wateja chenji isiyo sawa.

Jumanne, saa tano asubuhi, Polycarp akatokea dukani bila taarifa. Hana mkungu wa ndizi, hana hata mfuko wa maparachichi. Kavaa shati lake la kanisani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuna nini nyumbani? Mbona hukupiga simu?"

Aliingiza mkono kifuani, akatoa jani la isale lililofungwa fundo, akamnyooshea kwa mikono miwili, kichwa chini.

Kila Mchaga anajua maana ya jani hilo. Aliyekukosea akikuletea isale, unamsamehe, liwe kosa gani. Ukilikataa, ubaya unakugeukia wewe. Severa alilelewa hivyo, na mkono wake ulikwenda wenyewe.

"Nimekusamehe," akasema.

Kuruthumu alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa. "Mama Mangi! Umesamehe nini? Hata hujauliza kosa!"

Desturi haikumkataza kuuliza kwanza. Ni yeye aliyeharakisha.

"Sema," akamwambia mdogo wake.

"Mnara wa shambani kwako ndio unaoleta barabara mpaka zahanati. Ungehamishwa, barabara ingepita kijiji cha pili. Watu wote walinigeukia, dada, mpaka akina mama wa jumuiya ya kanisani. Na wewe mwenyewe ulisema asizuie mtu hata mmoja. Nikasaini kwamba kaburi hakuna."

Severa alivuta pumzi. Alikuwa ameogopa makubwa zaidi. "Karatasi inafutika," akasema. "Sitaki mradi usimame. Tunaondoka leo, nawaonyesha kaburi, padri anakuja, tunamhamisha Ansbert kwa heshima, kisha wajenge wanavyotaka. Utanisindikiza tu mpaka pale kwenye msalaba."

Polycarp akakwepa macho yake. Kuruthumu akaweka kikombe chini.

"Msalaba uko wapi, Polycarp?" akauliza Severa.

"Niliuchoma. Nikapitisha trekta mara mbili, wapimaji wasione tuta. Halafu mvua zikanyesha." Alianza kulia. "Nilirudi, dada, nimtoe mwenyewe nimzike vizuri. Nimechimba mashimo manne. Sipajui tena alipo."

Severa alifungua mdomo amtukane, Kariakoo nzima isikie. Akaufunga. Alikuwa ameshasema amesamehe, na shahidi yuko mlangoni. Alimchukia mdogo wake kwa moyo wote, wala hakuwa na haki ya kumwambia.

"Basi tutachimba shamba zima," akasema. "Zege la mnara linamwagwa lini?"

"Lilimwagwa jana mchana," akasema Polycarp. "Nilisubiri limalizike, ndipo nikapanda basi."