Zipora na Seremala wa Kwenye Redio

Kwa kuchambua mchele, Ushirombo nzima hakuna anayemfikia Zipora, na anayebisha aje na ungo wake. Jiwe lijifiche wapi, yeye ameshalitupa. Sasa mtu akikaa miaka kumi na mitano anatafuta mawe, ataacha lini? Hata chai akipewa, kwanza anaangalia chini ya kikombe.

Mikono ikiwa kazini masikio yanabaki bure, kwa hiyo pembeni yake hukaa redio ndogo ya kuchaji, yenye kadi ya memori. Kadi alijaziwa Katoro na Zuhra, binti mwenye kibanda cha kuwekea watu nyimbo na simulizi. Safari hii Zuhra alimwekea simulizi ndefu ya kusikiliza: mji mdogo, mapenzi ya polepole, na kengele ya shule iliyoibwa. Sehemu kumi na moja. Ya kumi na mbili, ambayo ndiyo ya mwisho, ilikuwa bado haijatoka.

Humo ndani kuna seremala mpole, Davis, anayempenda mjane mwoka mikate. Mwanzo kabisa anamtengenezea meza na kukataa malipo. Zipora akatabasamu peke yake. Ikafuata nyingine: Davis anakamatwa na gunia, na ndani ya gunia kuna kengele. Ikafuata nyingine: Davis yuko mahabusu, mjane analia mpaka mikate inaungua. Halafu, ajabu ya mwaka, sehemu iliyofuata Davis yuko nje, anakunywa chai na mwenyekiti wa mtaa, na hakuna hata mmoja anayemuuliza habari za kengele.

"Mwenyekiti kashalishwa," Zipora akauambia mchele.

Kuanzia hapo sehemu zote alizisikiliza jicho moja limefumbwa. Davis akisema neno tamu, Zipora analitia ungoni. Anasema anampenda, sawa. Na kengele je?

Ingekuwa mambo ya redio tu, tungemwacha na redio yake. Lakini wiki hiyohiyo kaka yake, Samwel, akapokea barua ya posa, imefungwa kwenye leso nyeupe kama inavyotakiwa, kutoka kwa Wilbard, fundi aliyehamia kutoka Buseresere. Seremala. Mpole. Aliyewahi kumtengenezea Zipora kigoda na kukataa malipo.

Jibu lilitakiwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa, na mshenga alishasema wazi: Wilbard akikataliwa anafunga karakana na kurudi kwao. Na Zipora, mama yake Agatha na mjane wa miaka tisa, msimwone kanuna vile, alishaanza kuvaa khanga mpya kila njia yake ikipita karakana.

Sasa akaanza kupita na khanga kuukuu, kwa upelelezi. Akagundua jambo. Kila Alhamisi Wilbard anapanda gari la Katoro na gunia limejaa. Jioni anarudi, gunia limekunjwa kwapani.

"Mwangaluka, Mama Agatha," Wilbard akamsalimia siku moja kwa Kisukuma.

Zipora akamtazama kwapani, akapita.

Alhamisi iliyotangulia Jumapili ile, Zipora akapanda gari la kwanza kwenda Katoro. Alijiambia anafuata sehemu ya mwisho ya simulizi. Tumwamini.

"Shikamoo, Mama Agatha," Zuhra akamwamkia kibandani.

"Marahaba. Niambie, yule Davis alitokaje mahabusu?"

"Mbona bado hajatoka?"

"Ametoka. Kanywa chai na mwenyekiti, nimesikia kwa masikio yangu."

Zuhra akaichukua redio, akabonyezabonyeza, akacheka mpaka akaegemea meza. "Mama, hizi redio ndogo hazijui kuhesabu. Ikimaliza ya moja inafuata zote zinazoanza na moja: ya kumi, ya kumi na moja, ndipo inarudi ya pili. Umeanzia mkiani. Siku ile anakunywa chai, kengele bado inaning'inia shuleni. Kwani msimuliaji hataji namba mwanzoni?"

"Mwanzoni kuna tangazo la dawa ya mgongo. Mimi mgongo wangu mzima, nasogeza mbele."

"Basi na namba unazisogeza humohumo."

Kushindwa si kazi ya Zipora. "Kwa hiyo aliiba baadaye."

"Ya mwisho imetoka juzi. Nikuwekee umjue mwizi?"

Kabla hajajibu, akamwona Wilbard anashuka garini ng'ambo ya barabara, gunia begani.

"Weka, nakuja," akasema, na barabara akaivuka kama hakuna bodaboda duniani.

Wilbard alipomwona alisimama. "Mama Agatha. Kwema?"

"Fungua gunia."

Mwanaume mzima, katikati ya Katoro, akalitua na kulifungua. Maranda ya mbao. Zipora akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akachambua kama anavyojua yeye. Maranda juu, maranda chini.

"Ya nani?"

"Ya bibi mmoja anafuga kuku nyuma ya soko. Anawatandikia vifaranga."

"Katoro hakuna maseremala?"

"Wapo. Wanamuuzia. Mimi simuuzii." Wilbard akafunga gunia polepole. "Ni mama yake marehemu Epifania, mke wangu. Epifania alikufa, mama yake hakufa."

"Na hukusema."

"Mshenga alinikataza. Alisema mtu anayeposa hamtaji mkwe wa zamani."

Zipora akamtazama usoni, tena kwa muda. Hakuona jiwe. Hilo nalo likamtia wasiwasi, maana mchele usio na jiwe hajawahi kuuona. Akarudi kwa Zuhra, akachukua redio yake, na sehemu ya mwisho hakuisikiliza Alhamisi, wala Ijumaa, wala Jumamosi. Alisema ya Davis aachiwe Davis.

Jumapili baada ya misa mshenga akaketi kwa Samwel, kofia magotini. Samwel akakohoa kama mkubwa wa ukoo.

"Dada yetu amekubali," akasema.

Mshenga akaanza kushukuru. Samwel akainua mkono.

"Ngoja, kuna sharti lake. Hilo gunia la Alhamisi litaendelea kwenda, asiache. Ila watalipeleka wote wawili. Na kabla halijapanda garini, dada analifungua mwenyewe."