Nundu ya Baba

Mtaani kwetu Kariakoo, harusi ikipikiwa pilau, nundu ya ng'ombe haikatwi ovyo. Inapikwa nzima, inawekwa juu ya sinia la wazee, na mkubwa wao ndiye anayeimega kwanza. Kwa miaka mingi mkubwa huyo alikuwa baba yangu. Nundu ni mafuta matupu, yanayeyuka kabla hujatafuna. Baba aliipenda, ila alipenda zaidi kule kuwekewa mbele yake watu wakiangalia.

Kisha akaanza kusimama njiani. Mtu aliyekuwa akitembea kutoka dukani kwake hadi Posta huku anapiga soga, sasa akifika Mnazi Mmoja anajifanya kusoma mabango, kumbe anatafuta pumzi. Nikamkokota hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, akamwamkia shikamoo kabla ya kumpa habari mbaya. Alisema lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, imejijenga katika kuta za mishipa ya moyo wake, kidogo kidogo, mpaka njia ya damu imebaki nyembamba.

"Kama karo la jikoni," baba akasema.

"Kama karo, mzee. Ila karo likiziba halifi."

Akaandikiwa kidonge cha kumeza kila siku na kukatazwa vya mafuta. Nilipomuuliza nyumbani kama anameza dawa, alijibu anameza, nami nikatulia. Mpaka Jumamosi moja ya harusi nilipomkuta amevaa kanzu, kidonge mkononi, anakitia mfukoni kwa furaha.

"Baba, cha jana umemeza?"

"Jana kulikuwa na shughuli gani?"

"Daktari alisema kila siku."

"Mwanangu, siku niliyokula mchicha nimeze dawa ya mafuta? Si kuiharibu dawa huko?"

Kumbe vidonge alikuwa anavitunza kwa ajili ya karamu. Nundu kwanza, kidonge baadaye, kama mtu anayeosha sufuria. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikakaa kwenye ngazi nikalia, maana ningeweza kumzika na kabati limejaa dawa.

Nilimweleza taratibu kwamba dawa haifuti sinia la leo, inazuia mafuta yanayojijenga siku zote, hata siku ya mchicha. Akasikiliza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na nundu niwaambie nini watu?"

Kwetu, anayeiachia nundu ameachia na nafasi yake. Mazoea yana taabu, na haya hayakuwa mazoea ya mdomo tu.

Harusini, turubai lilikuwa limefunga barabara nzima. Nilikaa upande wa wanawake, jicho kwa wazee. Sinia likaja, nundu ikatua mbele ya baba, wenzake wakamsubiri. Akanyoosha mkono. Nilishapandwa na hasira, niko tayari kupita katikati ya wanaume wote nikamnyang'anye, aibu itakuja baadaye. Lakini mkono wake haukugusa nyama. Alishika ukingo wa sinia, akalizungusha polepole mpaka nundu ikamwelekea baba mdogo, mdogo wake wa kuzaliwa.

"Mega wewe."

"Kaka, nitamegaje na wewe upo?"

"Mega, ndugu yangu. Nataka niendelee kuwepo."

Baba mdogo alimega huku machozi yanamtoka. Baba akavuta kachumbari. Nilikuwa nimepata nilichokiomba, na moyo uliniuma vibaya sana. Nilitamani kwenda kumkumbatia mbele za watu, lakini kwetu hatufanyi hivyo, nikaendelea kula.

Asubuhi yake alikaa barazani na chai ya rangi, hana haraka ya kwenda popote. Akanyoosha kiganja.

"Leo hakuna shughuli, baba," nikamtania.

"Najua," akasema. "Lete na maji."